Nukta za Mama Mkwe

Karatasi ilibandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Ulikuwa ule upande mweupe wa kalenda ya mwaka uliopita, na mama mkwe hakuipenda hata kidogo.

“Huu mlango umepata tetekuwanga,” alisema, mtoto akiwa begani kwake anamlowesha udenda. “Kila jioni nikipita nakuta kipele kipya.”

“Ni nukta, mama. Kila nukta ni siku moja.”

“Siku zangu mimi hazifanani na hizo. Zangu zina nepi.”

Mama Bonge alicheka huku akichonga penseli. Tangu mtoto azaliwe na mashavu yaliyomfanya mkunga aite wenzake waje kutazama, hakuna aliyekumbuka kumwita mama yake jina la zamani, na mwenyewe hakulidai. Alikuwa Mama Bonge nyumbani, Mama Bonge kwenye karakana ya mapazia alikoshona mchana, na Mama Bonge hata kwenye daftari la mahudhurio la shule ya jioni, kwa sababu karani aliyemwandikisha alimsikia mtu akimwita hivyo.

Ile karatasi ilikuwa na mistari miwili. Mstari wa chini ulipima saa ambazo Mama Bonge alikuwa nje ya nyumba siku hiyo. Mstari wa kusimama ulipima dakika ambazo Bonge alilala mchana. Kila alipoingia jioni, kabla hajavua viatu, aliuliza, “Amelala kiasi gani leo?” Mama mkwe alimtazama usoni, akatazama dari kidogo kama anayekumbuka, akamtajia. Nukta ikawekwa.

Aliyeanzisha yote hayo alikuwa nesi wa kliniki, wala hakuwa na nia mbaya. Alimpandisha Bonge kwenye mzani, akatazama kadi, kisha akautazama mzani tena. “Anaongezeka,” alisema, “ila mwendo umepungua.” Halafu, kama mtu anayeuliza njia ya kwenda sokoni, akaongeza, “Mchana anashinda na nani? Analala vizuri?”

Maneno hayo yalimganda Mama Bonge rohoni. Njiani kurudi alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalalamika. Kazi ya mapazia isingeachika. Mume wake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na nyumba ilihitaji mikono yote miwili. Kilichoweza kuachika ni masomo. Na masomo ndiyo yalikuwa kitu pekee alichokifanya kwa ajili yake mwenyewe tangu alipokatiza shule akiwa msichana. Alitaka cheti cha ukarani wa takwimu. Alitaka siku moja akae kwenye meza yenye droo, aulizwe, “Namba zinasemaje?” na watu wanyamaze kumsikiliza.

Akakata shauri. Kama itaonekana kwamba kadiri anavyokaa nje ndivyo mtoto anavyokosa usingizi, ataacha darasa. Hatalia wala hatamlaumu mtu. Bahati ikawa kwamba wiki hiyohiyo mwalimu wao wa takwimu alitoa kazi: kila mwanafunzi achague vitu viwili kutoka maisha yake, avipime, kisha ajaribu kama vina uhusiano wa mstari.

Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta, kwa kuwa hakuruhusu mtu ashike kikokotoo kabla hajachora nukta zake zote kwenye karatasi. “Macho kwanza,” alisema kila siku. “Hesabu haina macho. Itakupa jibu hata ukiilisha upuuzi.”

Alieleza kwamba uhusiano wa mstari ni pale kitu kimoja kinapoongezeka na kingine kikaongezeka au kupungua kwa mwendo uleule, hata ukiziweka nukta zinajipanga kama watu kwenye foleni. Mama Bonge alielewa kabla sentensi haijafika mwisho. Karakanani, dirisha likizidi upana, kitambaa huzidi mara mbili yake ili pazia likunjike vizuri. Ukichora madirisha yote ya mtaa na vitambaa vyake, utapata mstari ulionyooka kama fimbo ya pazia yenyewe.

“Foleni hiyo tunaipima kwa namba moja, tunaiita r,” mwalimu alisema. “Ikikaribia moja, vitu vyako vinapanda pamoja. Ikikaribia hasi moja, kimoja kinapanda, mwenzake anashuka. Ikiwa karibu na sifuri, hapo hakuna foleni, ni kuku wamemwagiwa mtama.”

“Na ikiwa katikati?” aliuliza jirani yake wa dawati, kaka mmoja aliyelinda ghala la vifaa vya ujenzi na ambaye wote walimwita Mlinzi.

“Hapo ndipo tunajaribu. Unaanza kwa kusema hakuna uhusiano, nukta zimeangukia hivyo kwa bahati tu. Halafu unafungua jedwali la mwisho wa kitabu. Kwa nukta ishirini, r ikivuka sifuri nukta nne nne, upande wowote, unasema bahati peke yake ni vigumu kufanya hivi. Isipovuka, unanyamaza kwa adabu.”

Mlinzi alichagua vikombe vya chai anavyokunywa akiwa lindoni, na mara anazokutwa na msimamizi wake akisinzia. “Nataka nimwonyeshe bosi kisayansi kwamba chai anayotupa ni maji,” alieleza. Mama Bonge alitaja yake kwa sauti ndogo, na mwalimu akaiandika.

Siku zilikwenda. Darasa lilikuwa kila jioni, lakini saa za kukaa nje hazikufanana. Kuna siku mteja aliahirisha, Mama Bonge akapata nafasi ya kupita nyumbani kunyonyesha kabla ya darasa. Kuna siku walipelekwa upande wa pili wa mji kufunga mapazia ya ukumbi mzima, akarudi amechoka mpaka vidole havisikii sindano. Alipoingia, mama mkwe angemtazama, angetazama dari, angemtajia.

“Leo kalala dakika arobaini.”

“Leo? Leo kalala vizuri, saa moja na robo.”

Na siku ile ya mapazia ya ukumbi, “Mwanangu, leo kalala saa mbili nzima. Nilikwenda kumgusa nione kama anapumua.”

Mama Bonge aliziweka nukta zake akijisikia ahueni, bila kuzitazama kwa pamoja. Penseli ilikuwa mkononi, mtoto kwenye titi, na macho yalikuwa yakijifunga yenyewe.

Ilipofika jioni ya kuzitazama, aliibandua mlangoni ile tetekuwanga yake, akaikunja karatasi na kwenda nayo darasani. Mwalimu aliitundika ubaoni. Darasa likaguna.

Nukta zote ishirini zilipanda kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu, zimenyooka kama askari wa gwaride. Mama Bonge alikokotoa mara moja, akarudia, akamwomba Mlinzi naye akokotoe. Sifuri nukta nane tatu. Jedwali lilitaka sifuri nukta nne nne tu. Na haikuwa hasi.

Mlinzi alijikuna kichwa. “Dada, hii maana yake ukikaa nje zaidi, mtoto analala zaidi?”

“Ndiyo.”

“Basi hamia kwetu ghalani, mtoto alale mpaka aanze darasa la kwanza.”

Wote wakacheka, naye akacheka nao, kwa sababu kutocheka kungeonekana. Lakini kitu kilimchoma mahali ambapo sindano haifiki. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba mtoto anamkosa. Hakujiandaa kusikia kwamba mtoto anapumua vizuri zaidi asipokuwepo.

Mwalimu Nukta hakucheka. Alisogea karibu na karatasi, akavaa miwani, akaivua.

“Nani alipima usingizi?”

“Mama mkwe wangu.”

“Aliandika wapi?”

“Hakuandika. Alinitajia kila nilipoingia.”

“Ukishaingia,” mwalimu alisema taratibu, “akishakuona ulivyochelewa na ulivyo.” Alimrudishia karatasi. “Nina watoto wanne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kwa mstari ulionyooka hivi. Sisemi kitu kibaya juu ya mama yako. Nasema tu, kamuulize vizuri kabla hujaiamini hii namba.”

Mama Bonge hakusikia zaidi ya nusu ya maneno hayo. Njia nzima alitembea akijipangia hotuba. Ataacha darasa. Si kwa sababu alizokuwa amezifikiria mwanzo, ila ataacha, arudi mapema, mtoto amzoee upya. Kama amefika mahali pa kustarehe mama yake akiwa mbali, basi kuna kitu kimeharibika, na cheti hakitakitengeneza.

Alimkuta mama mkwe amekaa kwenye mkeka sebuleni, rundo la nguo za mtoto kando yake, anakunja vifulana vidogo kama bahasha. Bonge alikuwa anatambaa kuzunguka rundo, akivuta kila kilichokunjwa na kukikunjua.

“Mama,” alisema, akiwa bado amesimama mlangoni. “Nimeamua kuacha masomo.”

Mikono ya mama mkwe ilisimama juu ya kifulana. “Unaacha? Kwa nini? Si namba zimetoka nzuri?”

Bonge alikaa chini, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

“Umejuaje kama zimetoka nzuri?” Mama Bonge aliuliza. “Sijakwambia zimetokaje.”

Mama mkwe alikunja kifulana, akakikunjua, akakikunja tena. Alikuwa mwanamke asiyeona haya kumkaripia muuza mkaa mbele ya mtaa mzima, lakini sasa hakuinua uso.

“Zilikuwa lazima zitoke nzuri,” alisema mwishowe. “Mimi ndiye niliyekuwa nazipika.”

“Unazipika vipi, mama?”

“Kaa kwanza. Siwezi kuungama kwa mtu aliyesimama kama polisi.”

Mama Bonge akakaa. Bonge akamparamia mapajani bila kuulizwa.

“Ukiwahi kurudi,” mama mkwe alianza, “unaingia na uso wa mtu. Nakuambia ukweli wenyewe, amelala nusu saa, amelala dakika arobaini, kwa sababu una nguvu ya kuusikia. Lakini siku unaingia umekunjamana kama shuka lililotoka kwenye ndoo, mguu mmoja hauutaki mwenzake, halafu swali la kwanza, hata maji hujaomba, ni mtoto kalala kiasi gani. Nikuambie dakika ishirini? Nikuambie alikataa kabisa? Hapana. Nakuongezea. Kama umechoka kidogo, nakuongezea kidogo. Ukiwa umekufa kabisa, nakumiminia.”

“Siku ya mapazia ya ukumbi, ulisema saa mbili nzima.”

“Siku ile hakufumba hata jicho moja. Tulishinda tunatazama kuku wa jirani.”

Mama Bonge alifunika mdomo. Mama mkwe alidhani analia, akaanza kujitetea haraka haraka. “Sikujua kwamba utakwenda kuzianika mbele ya watu wenye elimu. Nilidhani ni tetekuwanga zako tu za mlangoni. Kama nimekuharibia mtihani, nipeleke kwa huyo mwalimu wako nikamwambie mwenyewe kwamba kosa ni langu.”

Lakini Mama Bonge alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Bonge naye akacheka bila kujua kichekesho, kisha machozi yakaja kweli, yakamshukia mtoto utosini. Alikuwa anaiona ile karatasi kichwani, nukta zile zote zinavyopanda. Uhusiano ulikuwepo. Jedwali halikukosea. Kitu kilichokuwa kinaongezeka kila alipozidi kuchelewa kilikuwa huruma ya mwanamke huyu aliyekaa kwenye mkeka, kidogo kwa kidogo, bila kukosa hata siku moja.

“Sasa kweli yake ni ipi, mama?” aliuliza alipopata pumzi. “Nikikaa sana nje anateseka?”

“Sijui,” mama mkwe alisema, na ilionekana wazi kwamba safari hii hakutazama dari. “Kuna siku upo hapo jirani tu na hataki kulala. Kuna siku upo mwisho wa dunia na analala kama gogo. Tangu aanze kutambaa hatulii, ana kazi nyingi kuliko waziri. Sijaona kanuni. Lakini mimi si mtu wa kanuni.”

“Tupime upya.”

“Nitakuongezea tena. Najijua.”

Walikaa wakifikiri, na aliyepata jawabu alikuwa mama mkwe mwenyewe. Bonge akiamka tu mchana, yeye atachukua simu na kumtumia mwanawe, dereva, dakika alizolala mtoto. Saa hiyo hakuna anayejua kama Mama Bonge atawahi au atachelewa, wala uso wake haupo wa kuonewa huruma. Dereva atakaa nazo huko barabarani, asimwambie mke wake hata moja mpaka siku zitimie.

Mwalimu aliposikia mpango huo aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akampa muda. Mlinzi alisema kwamba hata ghalani kwao hawana ulinzi wa namna hiyo.

Dereva aliichukua kazi kwa uzito usiotarajiwa. Alipopiga simu jioni, alikuwa akisema, “Nina siri yako hapa, nimeifungia kwenye kabati la lori.” Mama Bonge alimbembeleza amdokezee, akakataa. “Nimeapishwa na mama yangu mzazi. Unataka nilaaniwe nikiwa kwenye mteremko?” Halafu, sauti ikishuka, “Unajua ananiandikia nini zaidi ya dakika? Leo kaniandikia kwamba mtoto amesimama akishika kiti. Kabla ya hii hesabu yako alikuwa ananipigia kwa mwezi mara moja, kuniuliza kama nakula. Sasa kila mchana nasimamisha gari nasoma habari za mwanangu. Endelea kusoma, mke wangu. Usiache mpaka nizeeke.”

Siku zilipotimia, ujumbe ulikuja wote kwa mkupuo, na Mama Bonge alizichora nukta mpya kwenye karatasi nyingine. Alichora polepole, akijilazimisha kutazama. Moja ilianguka juu kushoto, moja chini katikati, mbili zikabanana kulia, nyingine ikaenda zake peke yake. Zilisambaa kama shanga zilizokatika uzi. Alipokokotoa alipata hasi sifuri nukta moja mbili. Haikukaribia hata nusu ya ile ya kwenye jedwali.

“Inamaanisha simdhuru?” alimuuliza mwalimu. Mkono wake ulikuwa umeshikilia ukingo wa meza.

Mwalimu Nukta alifikiri. Hakuwa mtu wa kutoa pipi. “Inamaanisha kwa nukta hizi, za mtoto huyu, hukuuona uhusiano wa mstari. Jedwali halisemi haupo kabisa, wala usingizi peke yake hauelezi hali yote ya mtoto. Mrudishe kliniki, nesi atatazama mengine. Lakini kama ulitaka kuacha darasa kwa sababu ya usingizi wake, namba hazikupi ruhusa.”

“Inanitosha, mwalimu.”

Kule kliniki, nesi aliyatazama magoti ya Bonge yaliyokuwa meusi kwa kutambaa, akasema wanaotambaa sana mara nyingi hupunguza kasi ya kunenepa, aongezewe uji na arudi tena mwezi ujao. Mama Bonge alimshukuru kwa moyo, na akashangaa kuona kwamba hana kinyongo naye hata chembe. Bila swali lake lile, mengine yote yasingejulikana.

Kwenye kazi aliyoikabidhi aliweka karatasi zote mbili. Ile ya pili aliiandikia kichwa kama kitabu kilivyoagiza. Ile ya kwanza, ambayo angeweza kuitupa, aliiandikia, “Uhusiano kati ya uchovu wa mkamwana na huruma ya mama mkwe,” na chini yake akaeleza kwa uaminifu jinsi nukta zilivyopatikana. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima. Alimpa alama nzuri, na pembeni akaandika kwamba kosa la mpimaji linastahili kuelezwa hata linapotoka kwa mtu mwema, hasa linapotoka kwa mtu mwema. Mlinzi, ambaye chai yake haikuonyesha uhusiano wowote na usingizi wake, alisema angalau mwenzake alikuwa na mtu wa kumdanganya kwa upendo, yeye msimamizi wake humwambia ukweli kila siku.

Jioni hiyo Mama Bonge alijiandikisha muhula unaofuata. Foleni ya ofisini ilikuwa ndefu, na baada ya hapo usafiri ukasumbua, akafika nyumbani akiwa amechelewa kuliko kawaida, miguu inawaka moto. Mama mkwe alimfungulia mlango, mtoto mkononi, akamtazama usoni. Akafungua mdomo.

“Subiri,” Mama Bonge alisema, akivua viatu kwanza. “Leo siulizi habari za Bonge. Wewe, mama, umelala mchana?”

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza mama mkwe katika nyumba hiyo, na hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Macho yake yalianza kupanda kuelekea darini. Yakafika nusu, yakarudi.

“Sijalala,” alisema. “Hata kidogo. Na mgongo unaniuma tangu asubuhi.”

“Ahsante, mama,” Mama Bonge alisema, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha thamani. Alimchukua mtoto, akatandika godoro dogo karibu na dirisha lenye hewa, akaweka mto. Mama mkwe alinung'unika kwamba kuna vyombo, kuna nguo, yeye si mgonjwa, watu wasije wakadhani amezeeka. Alinung'unika huku akijilaza. Hakuwa amemaliza hata kusema habari za vyombo alipoanza kukoroma.

Bonge alimnyooshea kidole, akamtazama mama yake kwa mshangao.

“Shhh,” Mama Bonge alimnong'oneza, akielekea naye jikoni kuosha vyombo. “Bibi amelala.”